Usimuulize mzee "mabadiliko makubwa": niliyokutana nayo nikiandika habari za ukoo wetu Kongwa

Ukitaka mzee akupe hotuba badala ya maisha yake, muulize hivi: "Ni mabadiliko gani makubwa umeyaona tangu uzaliwe?" Atajiweka sawa kwenye kiti, atakohoa kidogo, kisha atakutajia Uhuru, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, na mwishoni, kwa kukuonea huruma wewe kijana, atamalizia na simu. Yote ni kweli, na yote yamo kwenye kitabu cha shule ya msingi. Nimelisikia jibu hilo kwa wazee wetu wanaume na wanawake, karibu neno kwa neno, mpaka nikahisi wamekaa kikao kabla sijafika.

Kazi yenyewe nilitwishwa baada ya msiba wa baba. Siku ya kumaliza matanga, kaka yangu aliuliza babu alihamishwa kutoka wapi kabla ya kijiji cha sasa. Watu watatu wakatoa majibu matatu, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Baba ndiye aliyekuwa anayajua hayo na ameondoka nayo. Basi wakaamua yaandikwe kabla wengine hawajaondoka, na macho yote yakanigeukia mimi kwa sababu mimi ni karani: "Wewe si ndiye unayeshinda na makaratasi?"

Nawaandikia wenzangu ambao mna wazee wenye umri mkubwa nyumbani na mnasema kila mwaka kwamba Krismasi hii lazima mkae nao. Niseme la pesa kwanza, maana hilo huwa linafichwa. Nauli ya Morogoro hadi Mbande, njia panda ya kwenda Kongwa mkoani Dodoma, na bodaboda ya kuingia ndani haikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni muda wa kuandika. Saa moja ya sauti, mzee akichanganya Kigogo na Kiswahili na jogoo akiwika nyuma yake, inakula karibu siku nzima ya kusikiliza, kurudisha nyuma na kuandika. Nilimlipa binti wa jirani anayejua Kigogo kuliko mimi anisaidie, na bado wikiendi zangu nyingi ziliishia humo. Kama huna wa kukusaidia, rekodi kidogo na uandike wiki hiyo hiyo, ungali unakumbuka alikuwa anaelekeza kidole wapi aliposema "pale".

Kilichonitoa kwenye hotuba kilikuja bila kupanga. Shangazi yangu alikuwa amenipa jibu lake la Uhuru na Azimio, nimezima simu, tunapepeta uwele jikoni. Nikamuuliza tu, kwa mazungumzo, siku za usichana wake alikuwa anaamka saa ngapi. Akacheka. "Kuamka? Kwani nilikuwa nalala?"

Akaweka ungo chini, akapandisha kanga mpaka juu ya magoti. Magoti yote mawili yana ngozi nyeusi, ngumu, iliyokunjamana kama kisigino. Akanigeuzia viganja, chini ya vidole kuna uvimbe ambao hata leo haujaisha. Ni kazi ya jiwe. Jogoo wa kwanza anawika, msichana anapiga magoti mbele ya jiwe kubwa la kusagia, anashika dogo kwa mikono miwili na kusukuma mbele na nyuma mpaka alfajiri, unga wa kutosha watu wa nyumba nzima kwa siku moja tu. Kesho tena. Akiwa na mimba, anasaga. Akiwa amefiwa, atasagiwa na wengine siku chache, kisha anarudi kwenye jiwe lake. Mtama kidogo una nafuu, alisema, uwele ndio mtihani, punje zake ndogo na zinateleza.

"Mashine ilipofika kijijini," akasema, "nililala."

Hapo hapo nikawasha simu tena na kumwomba arudie. Alirudia, ila ya mara ya pili ilikuwa imenyooka zaidi na imepungua utamu. Tangu siku hiyo sizimi simu mpaka nimeaga. Naiweka mahali anapoiona, namwambia wazi kwamba inarekodi, baada ya muda anaisahau mwenyewe.

Kwa shangazi yangu, mashine ya dizeli iliyofika katikati ya miaka ya 1970 ni kubwa kuliko bendera. Hakusema hivyo kwa mdomo, na nikimuuliza leo atanirudia na Uhuru wake. Lakini alipohesabu maisha yake alihesabu hivi: kabla ya mashine na baada ya mashine. Na mashine haikuja na usingizi peke yake. Mashine inataka hela. Jiwe lilikuwa halitaki hela, lilitaka magoti. Kwa hiyo akaanza kuuza pombe ya mtama na mayai apate ya kusagia, akajikuta ana hela zake zilizofungwa kwenye pindo la kanga, za kwanza maishani ambazo hakupewa na mume. Na hela ikibaki baada ya kusaga, nani atamuuliza? Kutoka hapo alinipeleka mpaka daftari la kwanza la binti yake. Hakuna mahali nimewahi kusoma kwamba elimu ya binamu yangu ilianzia kwenye mtambo wa kusaga nafaka.

Kaka yake, baba yangu mkubwa, ameishi katika nyumba hizo hizo, amekula ugali wa jiwe na ugali wa mashine, na katika mazungumzo yetu yote hakuitaja mashine hata mara moja. Nilipomchokoza akasema, "Ah, ile? Ndiyo, ilikuja." Kwa hiyo, wanawake wahoji peke yao, jikoni au shambani mikono ikiwa na kazi, si sebuleni mbele ya waume na kaka zao. Kule sebuleni mwanamke atakwambia "kama alivyosema kaka." Na uliza shughuli, usiulize mabadiliko. Maji mlikuwa mnachota wapi? Mtoto akiugua usiku mlifanyaje? Swali lililonizalia zaidi kuliko yote ni hili: mama yako alikufundisha kazi gani ambayo wewe hukumfundisha binti yako? Hilo halina jibu la kitabuni.

Baba mkubwa naye ana yake, na hayo alinipa bila kuulizwa, maana kwetu Kongwa hakuna mzee wa umri wake asiye na habari za Karanga.

Kwa wasioijua: baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Mpango ulizungumzia ekari zaidi ya milioni 3 ukijumlisha na nchi jirani. Kazi ilianza 1947, na ikaanzia kwetu. Yaliletwa matrekta na matingatinga yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikawashinda. Udongo wetu ukikauka unakuwa saruji, karanga zimo ardhini na hazing'oki. Mvua zikagoma, kama zinavyogoma Ugogo siku zote. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana nao, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea.

Baba mkubwa alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati huo. Anasema kila mtu mzima aliamini kwamba nchi imegeuka, kwamba ufugaji umekwisha, kwamba Kongwa itakuwa kama Ulaya. Kulikuwa na umeme kambini, Wazungu wengi kuliko alivyowahi kufikiri wapo duniani, malori usiku na mchana. Wazazi wao walikuwa wamezaliwa karibu na njaa ya Mtunya, ile iliyowamaliza Wagogo wakati wa Vita vya Kwanza na baada yake, kwa hiyo kuona malori ya chakula hayaishi barabarani ilikuwa ni kama dunia mpya. Kisha wakaondoka. Nikamuuliza walibaki na nini.

"Mapipa," akasema.

Mapipa ya mafuta. Yaliyobaki watu waliyagawana, wakayanunua, wakayaiba. Pipa likakatwa juu likawa la kuhifadhi maji, likapasuliwa likawa mlango, likalazwa likawa la kupikia pombe ya sherehe. Kabla ya hapo maji ya nyumbani yalikaa kwenye mitungi na vibuyu. Pipa moja linabeba lita mia mbili na ushei, na mke mwenye pipa la maji alikuwa anaweza kuugua siku mbili bila nyumba kukauka. Moja bado lipo kwake, limeoza chini, linafugia kuku. Mamilioni ya pauni, na kwa hesabu ya baba mkubwa mabadiliko waliyobaki nayo ni chombo ambacho wenyewe walikitupa.

Nimependa hesabu hiyo, ila siikubali yote. Mzee akikupa hadithi iliyokaa vizuri namna hii mchimbe kidogo. Nilipomchimba ikatoka kwamba vijana wa Kongwa walijifunza humo udereva na ufundi, kwamba kaka wa mama yake alitoka na mtambo akafika nao mbali na hakurudi. Hayo nayo ni mabadiliko, ila waliondoka nayo walioondoka. Aliyebaki anasimulia kilichobaki.

Kuna jingine ambalo alilipita kama mtu anayepita kibanda cha soda. Miaka ya 1960 kulikuwa na "wale wapigania uhuru wa kambini", walikuwa wananunua mbuzi wake na walikuwa walipaji wazuri kuliko wafanyabiashara wa mjini. Basi, akaendelea na habari za mbuzi. Ikabidi mimi nimrudishe nyuma. Hiyo ndiyo kambi ya Kongwa, waliyopitia wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, wa SWAPO ya Namibia, wa ANC ya Afrika Kusini. Samora Machel alikuwa humo kabla hajawa rais wa kwanza wa Msumbiji. Chris Hani wa ANC alikuwa humo. Yaani ramani ya kusini mwa Afrika ilikuwa inachorwa upya umbali wa kutembea kutoka zizini kwake, na yeye anakumbuka bei. Simlaumu. Wale vijana wenyewe hawakujua nani kati yao atafika. Msumbiji ilipata uhuru 1975, Namibia 1990, Afrika Kusini ikapiga kura 1994. Mbuzi alilipwa siku hiyo hiyo.

Sehemu ngumu ilikuwa Operesheni, ile ya kuwahamishia watu vijijini.

Ugogo ilianza mapema kuliko sehemu nyingi. Operesheni Dodoma ilikuwa 1970 na 1971, kabla ya ile amri ya Novemba 1973 iliyotaka nchi nzima iwe imehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukaa Chamwino, akafyatua matofali na watu. Shangazi yangu alikuwa na watoto wadogo. Nyumba yao ilikuwa tembe, ile yetu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, na ng'ombe wanalala katikati. Waliambiwa siku ya kuhama. Hawakuwa wamemaliza kuhamisha nafaka. Tembe halihamishiki, miti ya paa ikitolewa ndiyo mwisho wake, na lao lilichomwa ili watu wasirudi. Alifika hapo akanyamaza, akaanza kuokota uchafu usioonekana kwenye kanga. Nikazima simu. Ndiyo, nimesema sizimi, lakini siku hiyo nilizima, tukakaa. Akija mzee mahali kama hapo, usimwambie "pole, endelea." Sema pole na uishie hapo. Akitaka ataendelea kesho, na kama hataki, hiyo ni nyumba yake, si sura ya kitabu chako.

Aliendelea siku nyingine mwenyewe, akiwa anacheka, ndivyo alivyo.

Na mwaka huo huo, baba mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Ni yeye aliyepita akiwatangazia tarehe. Kwake Operesheni ni mwaka aliokuwa mtu. Alisimama mbele ya watu wazima akasikilizwa, alipewa daftari, alimwona Mwalimu kwa macho yake. Anauelezea kwa furaha ambayo mwanzoni ilinikera, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumsikia dada yake.

Kosa ambalo nusura livunje kazi nzima lilifanywa na binamu yangu mmoja, kwa nia njema. Aliona vizuri kuwakutanisha wawili hao mbele ya simu ili "wakubaliane". Ndugu waliokula sahani moja zaidi ya miaka sabini! Baba mkubwa alianza kwa utaratibu: bila kijiji kusingekuwa na shule, zahanati wala pampu. Na hiyo mashine unayoililia kila siku, akamwambia dada yake, ingekufuata kule porini?

"Mashine ningeifuata mwenyewe," shangazi akajibu. "Nyumba sikuichoma mwenyewe."

Hakuna aliyeongeza neno, na wiki kadhaa hawakusemezana. Ilibidi mke wa baba mkubwa awapatanishe kwa kuku. Msiwaweke wazee pamoja muwape mtihani wa ukweli. Wote wawili hawakudanganya. Mabadiliko yale yale yalimpandisha mmoja na kumvua mwingine, na mashine kweli ilikuja kwa sababu watu walikuwa wamekusanywa mahali pamoja. Katika kijitabu nimeandika yote mawili, kurasa mbili zinazotazamana, bila kuweka "lakini" katikati.

Nilikuwa nimeshakusanya mengi na kujiona namaliza, ndipo nikaanza kuchora ukoo. Hii kazi ningeshauri ifanywe mwanzoni kabisa, kwa sababu ndiyo ilinionyesha jambo ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyelitaja.

Nilichukua karatasi kubwa za kalenda, upande mweupe, nikawa nachora duara kwa kila mtu. Bibi yangu alizaa watoto kumi na mmoja. Shangazi akawa anawataja, mmoja mmoja, na kwa wengi anasema "huyo hakukaa", tena kwa sauti ile ile ya kutaja waliokaa. Surua. Homa. Kuharisha. "Huyo hata jina hakupewa." Nikawa naweka msalaba kwenye duara. Waliokua ni wanne. Nikaja kwake mwenyewe: wanane, wamekua watano. Nikaja kwa binti yake: wanne, wamekua wanne. Nikawasogelea wadogo zake wote na watoto wa kaka zangu. Misalaba imekatika. Ile karatasi ukiitazama kwa mbali, juu imejaa misalaba kama makaburi ya misheni, chini ni maduara matupu.

Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu kisha akasema Mungu ametusaidia. Nikauliza na nini tena. Akafikiri. "Na sindano, labda."

Labda! Chanjo za watoto zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa tangu 1975. Ndui, ugonjwa ambao babu alikuwa na alama zake usoni, dunia ilitangaziwa 1980 kwamba umekwisha kabisa. Kwenye tafiti za taifa za afya, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai mwaka 2004-05, vikawa 43 mwaka 2022. Siyo zamani za mababu hizo, ni juzi tu, wengi wetu tukiwa watu wazima na simu mikononi. Nani kati yetu ameliona jambo hilo likipita? Mimi sikuliona. Ninaweza kukwambia mwaka nilionunua simu yangu ya kwanza ya kupangusa, na siwezi kukwambia ni lini mara ya mwisho nilikwenda kuzika mtoto mchanga kijijini, ingawa utotoni nilikwenda mara nyingi.

Nadhani sababu ni nyepesi. Kinachokuja kina sauti na kinakuja na siku yake: trekta, mashine, bendera, mnara wa simu. Kilichoacha kutokea hakina siku. Hakuna asubuhi ambayo mama anaamka akasema leo mtoto wangu hakufa kwa surua. Kwa hiyo kama unataka kujua kilichobadilika, usitegemee kumbukumbu peke yake. Chora ukoo, hesabu, tazama kadi za kliniki kama zipo, tazama makaburi.

Baadaye mwalimu mmoja rafiki yangu aliponisikia nikilalamika kwamba wazee wanataja ya ujanani mwao tu, alinieleza kwamba jambo hilo limeshachunguzwa. Mwaka 1985 watafiti wawili, Howard Schuman na Jacqueline Scott, waliwauliza Wamarekani ni matukio gani makubwa ya nusu karne iliyopita. Waliokuwa vijana wakati wa Vita vya Pili walielekea kutaja vita hiyo, waliokuwa vijana wakati wa Vietnam wakataja Vietnam. Nikarudi kwenye karatasi zangu nikiwa na jicho hilo. Karanga, utotoni. Mashine, ujana wa mama mwenye watoto wadogo. Na mdogo wetu wa mwisho, aliyemaliza kidato cha nne karibu na 2008 wakati M-Pesa inaingia nchini, anaapa kwamba hakuna kitu kimewahi kubadilisha Tanzania kama kutuma hela kwa simu. Hata yeye nimemwandika. Umri wa mtu andika pembeni ya kila jibu lake, utaona mwenyewe.

Shangazi alinirudishia swali siku moja: na mimi je? Nikasema simu, kama kila mtu. Akaguna. Akasema simu anaipenda, inamletea sauti za wajukuu, lakini kitu alichokikuta uzeeni hawezi kukipima, maana hajui siku moja yake ya ujana ingekuwaje nacho. Halafu akasema angekuwa mimi angetaja dumu la plastiki. Mtungi alibeba mwanamke kichwani, basi. Hakuna mwanaume wa kwetu aliyewahi kuonekana na mtungi. Dumu likaja, likafungwa kwenye baiskeli, na ghafla vijana wa kiume wakaanza kuchota maji na kuyauza. "Maji yalikuwa ya wanawake miaka yote," akasema, "mpaka yalipopata mpini."

Msije mkadhani nawatukuza wazee kana kwamba wao wanaona kila kitu. Julai 25, 2016, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli akiwa Dodoma alitangaza kwamba serikali itahamia huko kabla muhula wake haujaisha. Baba mkubwa alicheka mpaka akapaliwa. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa 1973, akasema, yeye akiwa bado balozi, waliambiwa miaka kumi. Alikuwa ameshaona Karanga. Alikuwa ameshaona mabango. Kaka yangu wakati huo alikuwa na hela kidogo na alikwenda kumwomba ushauri kuhusu kiwanja pembeni ya mji. Jibu lilikuwa anunue ng'ombe. Septemba mwaka ule ule Waziri Mkuu akahamia. 2018 Dodoma ikawa jiji. Kiwanja alichokiacha kaka hakigusiki sasa. Yule aliyewahi kuona mambo makubwa yakitangazwa na kufa alikuwa na kila sababu ya kucheka, na sababu zake zote zilikuwa za kweli, ila treni ya umeme sasa inatoka Dar es Salaam inafika. Kaka hamsemi vibaya mzee, lakini ng'ombe walikufa kwenye ukame.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "haya tumeshayaona" mpeni heshima yake, kisha nendeni mkaulize na kwa wengine.

Mambo madogo ya kazi, niyaseme harakaharaka. Nenda na sukari na majani ya chai, usitoe hela kabla ya mazungumzo, ukitoa anatafuta la kukufurahisha. Salimia kwa lugha yake hata kama unaijua hiyo salamu peke yake. "Mbukwenyi" yangu mbovu ilinifungulia nyumba nyingi. Beba kitu cha zamani, koroboi au kibuyu, uweke mezani bila kusema neno. Mzee akikosea mwaka usimsahihishe, andika alivyosema na tarehe uitafute baadaye. Sauti zikishaingia kwenye simu zitoe siku hiyo hiyo, uziweke sehemu mbili na jina la mtu na tarehe. Simu yangu ilipoharibika, fundi mmoja aliirudisha ikiwa nyeupe kama imetoka dukani, na kilichoniokoa ni kwamba mdogo wangu alikuwa ameshachukua nakala. Na muulize kila mtu, kabla, ni lipi hataki liandikwe. Mambo mawili katika ukoo wetu hayamo na hayatakuwamo.

Kijitabu tulikichapa steshenari kwa mchango wa ndugu, herufi kubwa, kimeshonwa kwa pini. Kurasa za mwisho niliziacha wazi kwa ushauri wa yule mwalimu, wazee waongeze yao. Za nakala ya baba mkubwa zimeshajaa. Amemwandikisha mjukuu wake kwamba matrekta ya Karanga hayakuwa na rangi niliyoitaja, kwamba pipa halijaoza sana kama nilivyosema, na kwamba habari za balozi zimepewa nafasi ndogo mno kulinganisha na za mashine.